Ruta Kuukuu, Kufuli Kuukuu: Namna ya Kurekebisha Usalama wa Wi-Fi ya Nyumbani

Simu mpya ikiunganishwa na ruta (kifaa kinachogawa Wi-Fi nyumbani) ya miaka mingi, mara nyingi simu ndiyo huanza kulalamika. iPhone, tangu iOS 14, huandika "Weak Security" chini ya jina la mtandao. Windows 10, tangu toleo la 1903, hutoa onyo kwamba mtandao huo hauko salama vya kutosha. Wengi huyapita maonyo hayo kwa sababu intaneti inaendelea kupatikana na nenosiri bado linaombwa kama kawaida. Lakini kuombwa nenosiri si sawa na kulindwa. Nenosiri ni ufunguo tu. Cha kuuliza ni kufuli lenyewe ni la mwaka gani, na kama limeshavunjwa.

Ruta nyingi zinazosababisha onyo hilo bado ni nzima. Zina uwezo wa kutumia njia bora zaidi, ila aliyezifunga mara ya kwanza aliziacha kwenye mpangilio wa zamani, na hakuna aliyezigusa tena. Kuzirekebisha ni kazi ya muda mfupi. Kinachokula muda ni kuzunguka nyumba nzima ukiunganisha vifaa upya.

Hatua ya 1: Jua unatumia nini sasa

Kwenye Android, fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao uliounganishwa nao, kisha tafuta mstari unaotaja usalama. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya Wi-Fi juu ya skrini. Kwenye Windows, njia ninayoiamini zaidi ni kufungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) na kuandika:

netsh wlan show interfaces

Katika majibu utakayopata, soma mistari miwili: Authentication (aina ya usalama) na Cipher (njia ya kusimba, yaani kuficha data isisomeke na wengine). Huo wa pili ndio watu huusahau, na ndio wenye siri. Ukiona CCMP, hiyo ni AES, njia imara ya kusimba, uko pazuri. Ukiona TKIP au WEP, njia za zamani zilizo dhaifu, endelea kusoma.

WEP ndiyo kongwe kuliko zote, ilikuja na kiwango cha kwanza cha Wi-Fi mwaka 1997. Kasoro yake imo kwenye muundo, hivyo hakuna nenosiri linaloweza kuiponya. Kila pakiti (kipande cha data) inayorushwa hewani husimbwa kwa ufunguo wako ukiunganishwa na namba fupi ya biti 24, na namba hiyo husafiri wazi. Biti 24 hutoa namba kama milioni 16.7 tu, na mtandao wenye shughuli nyingi huanza kuzirudia. Mwaka 2001, watafiti Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha kwamba baadhi ya namba hizo huvujisha ufunguo wenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walishusha kazi yote ya kupata ufunguo wa biti 104 hadi chini ya dakika moja. Kwa hiyo mwenye WEP na nenosiri gumu na mwenye WEP na nenosiri jepesi wako mahali pamoja.

WPA, ya mwaka 2003, ilikuwa kiraka. Ilitengenezwa ili vifaa vilivyokwisha kuuzwa na WEP viweze kuboreshwa kwa programu tu, bila kubadilisha chipu, ndiyo maana njia yake ya kusimba, TKIP, bado inategemea msingi uleule wa WEP, uitwao RC4. Mwaka 2008 ilianza kupata nyufa, na kiwango cha Wi-Fi cha mwaka 2012 kiliitangaza kuwa njia ya kuachwa. TKIP ina hasara nyingine ambayo labda itakushtua kuliko wadukuzi: kuanzia kizazi cha 802.11n, kasi kubwa haziruhusiwi kutumika pamoja na WEP wala TKIP. Kifaa kinarudi kwenye kasi za zamani, yaani kisichozidi megabiti 54 kwa sekunde hata kwenye karatasi. Kuna watu wamelaumu mtoa huduma miaka yote, kumbe tatizo ni mstari mmoja kwenye mipangilio.

WPA2 ilikuja mwaka 2004 na AES, na tangu 2006 kila kifaa chenye cheti cha Wi-Fi hulazimika kuwa nayo. Ndiyo kiwango cha chini unachopaswa kukikubali nyumbani. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018. Ukiwa nayo, vizuri. Ukiwa na ruta ya zamani, huenda huna, na hilo peke yake si sababu ya hofu.

Hatua ya 2: Ingia kwenye ruta kwa kebo

Usifanye kazi hii kwa Wi-Fi kama unaweza kuepuka. Sababu moja ni kwamba ukibadilisha usalama, muunganisho utakatika ukiwa katikati ya kazi. Sababu nyingine ni nzito zaidi: ukurasa wa usimamizi wa ruta nyingi za zamani hautumii HTTPS (mawasiliano ya tovuti yaliyosimbwa), hivyo nenosiri la msimamizi hurushwa hewani likilindwa na hiyohiyo WEP unayoikimbia. Chomeka kebo ya mtandao kati ya kompyuta na mojawapo ya matundu ya LAN, kisha zima Wi-Fi ya kompyuta.

Anwani ya ruta mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kama si hizo, andika ipconfig kwenye Command Prompt uangalie Default Gateway; kwenye simu, anwani hiyo imo ndani ya maelezo ya mtandao. Iandike kwenye kivinjari. Ikiwa ukurasa unakataa kufunguka huku kivinjari kikilalamikia toleo la usalama la tovuti, jaribu kuanza na http:// badala ya https://. Vivinjari vimeacha kutumia matoleo ya zamani ya TLS, njia ya kusimba ya HTTPS, na baadhi ya ruta hazijui mengine.

Jina la kuingilia na nenosiri la msimamizi huwa kwenye kibandiko chini ya ruta, isipokuwa kama mtu aliyabadilisha. Kama aliyabadilisha na hayajulikani, itabidi kurudisha ruta kwenye hali ya kiwandani kwa kitufe cha reset. Kabla ya kufika huko, hakikisha una jina la akaunti na nenosiri ulilopewa na mtoa huduma wa intaneti, kwa sababu vitafutika pamoja na kila kitu. Bila hivyo utabaki na ruta safi isiyo na intaneti.

Ukishaingia, piga picha kila ukurasa kwa simu yako kabla ya kubadilisha chochote. Kitufe cha kuhifadhi nakala ya mipangilio ni kizuri, lakini nakala hiyo inaweza kukataliwa baada ya kusasisha programu. Picha haikataliwi.

Hatua ya 3: Sasisha programu dhibiti kwanza

Programu dhibiti ni ile inayoiendesha ruta yenyewe. Inatangulia mipangilio kwa sababu usasishaji unaweza kuifuta mipangilio uliyoihangaikia, na pia kwa sababu chaguo la WPA2 au hata WPA3 wakati mwingine huja na toleo jipya.

Soma kibandiko uone jina kamili la modeli pamoja na toleo la umbo lake, kama v1 au v3. Ruta mbili zinazofanana sura zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa, na faili la moja linaweza kuiua nyingine. Pakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji peke yake. Wakati ruta inajisasisha, usiguse waya wa umeme, hata ikionekana imeganda.

Angalia pia tarehe ya toleo la mwisho. Kama ni ya miaka mingi iliyopita, mtengenezaji ameshaiacha ruta hiyo, na kasoro zitakazogunduliwa kesho hazitapata dawa. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef alionyesha shambulio la KRACK dhidi ya WPA2. Likazibwa kwa masasisho, lakini kwa vifaa tu ambavyo bado vilikuwa na mtu wa kuviandikia masasisho. Unaweza kuendelea na hatua zinazofuata, ila anza kujiandaa kwa ruta nyingine. Na kama ruta ni mali ya mtoa huduma, mara nyingi masasisho yako mikononi mwake: mpigie, mtajie modeli, muulize kama bado inapata masasisho ya usalama. Akikiri kwamba haipati, omba akubadilishie.

Hatua ya 4: Chagua njia moja, siyo mchanganyiko

Tafuta menyu iitwayo Wireless, WLAN au Wi-Fi, kisha Security. Chaguo unalolitaka huandikwa WPA2-PSK [AES], au WPA2-Personal ikiwa na AES. Kama kuna WPA2/WPA3, chukua hilo. Vifaa vipya vitatumia WPA3 na vya zamani vitabaki WPA2, na hiyo ni hali ya mpito inayokubalika.

Unachopaswa kukikwepa ni kile kinachoandikwa WPA/WPA2 Mixed, TKIP+AES, au Auto. Kinaonekana cha busara, kana kwamba kila kifaa kitapata kinachomfaa. Sivyo. Katika mtandao wa Wi-Fi kuna ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote kwa pamoja, na ujumbe huo husimbwa kwa ufunguo wa kundi. Ili kila kifaa kiweze kuusoma, ruta iliyo kwenye hali ya mchanganyiko huusimba kwa njia dhaifu kuliko zote zinazoruhusiwa, yaani TKIP. Simu yako inaweza kuwa inatumia AES kwa mazungumzo yake na ruta, na bado ikawa inapokea ujumbe wa kundi kwa TKIP kwa ajili ya printa moja tu. Ndiyo maana iPhone inaendelea kulalamika hata baada ya watu kuapa kwamba wameweka WPA2.

Kosa la kawaida hapa: ruta yenye masafa mawili ina mipangilio miwili. Ukirekebisha GHz 5 na kuiacha GHz 2.4 ilivyokuwa, umefunga mlango wa mbele tu. Mtandao wa wageni nao, kama umewashwa, una usalama wake wa peke yake. Pitia kila kimoja.

Hatua ya 5: Jina jipya, nenosiri jipya

Nenosiri la zamani lisirudi. Kama ulikuwa kwenye WEP, lichukulie kuwa limeshajulikana.

WPA2 inakubali nenosiri la herufi 8 hadi 63. Nane hazitoshi, na sababu yake inafaa kueleweka. Kifaa chako kinapojiunga na ruta, vinasalimiana kwa hatua nne. Mtu aliye karibu anaweza kurekodi salamu hiyo kisha akaondoka. Kuanzia hapo anabahatisha maneno kwenye kompyuta yake mwenyewe, kwa kasi anayoitaka, na ruta yako haijui lolote, hivyo haiwezi kumfungia baada ya majaribio matatu. WPA3 ndiyo iliyoondoa mwanya huo. Kwenye WPA2, kinga pekee ni urefu. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kubahatisha, yafikishe herufi 20 au zaidi. Methali, mistari ya nyimbo na majina ya watoto yasiwemo. Hivyo ndivyo vinavyojaribiwa kwanza. Epuka pia alama ngumu, siyo kwa sababu ya usalama, bali kwa sababu siku moja utaliandika nenosiri hilo kwa rimoti ya runinga.

Jina la mtandao libadilishe pia. Katika WPA2 ufunguo hutokana na nenosiri na jina la mtandao vikichanganywa kwa mizunguko 4,096, na kwa majina ya kiwandani yanayojirudia duniani kote kuna majedwali yaliyokwisha kukokotolewa. Jina lolote la kipekee huyafanya majedwali hayo yasifae. Usiweke jina la ukoo wala namba ya nyumba. Zaidi ya hapo, jina jipya linakuondolea usumbufu: kifaa kikikumbuka jina lilelile na aina ya usalama tofauti, mara nyingi hugoma kuunganika bila kusema kwa nini.

Hatua ya 6: Zima WPS, kisha funga milango midogo

WPS ni kile kitufe cha kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri. Kitufe chenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni PIN yake ya tarakimu nane. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, na ruta huikagua PIN kwa vipande viwili, ikimwambia anayejaribu kama kipande cha kwanza ni sahihi. Kwa hiyo badala ya mamilioni ya majaribio, zinabaki PIN 10,000 za kipande cha kwanza na 1,000 za cha pili. Jumla ni 11,000, kazi ya saa kadhaa kwa ruta isiyojifunga. Mtafiti Stefan Viehböck alilitangaza hilo Desemba 2011. PIN ikipatikana, ruta hulitoa nenosiri lako la WPA2 hata liwe na herufi 63. Zima WPS yote, siyo PIN peke yake, kwa sababu baadhi ya ruta za miaka ile ziliendelea kuipokea PIN hata baada ya kuzimwa kwenye menyu. Hiyo ni sababu nyingine ya kusasisha kwanza.

Yaliyobaki ni mafupi. Badilisha nenosiri la msimamizi wa ruta, liwe tofauti na la Wi-Fi: mwaka 2016 programu ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi kwa kujaribu tu orodha ya maneno ya kiwandani. Zima usimamizi kutoka nje, ambao huitwa Remote Management. UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia milango kwenye ruta, izime pia; kama mchezo fulani utakataa kufanya kazi, utaiwasha tena ukijua kwa nini.

Kuna mambo mawili ambayo watu watakushauri na ambayo mimi nisingepoteza muda nayo. La kwanza ni kuficha jina la mtandao. Jina hilo huonekana tena kila kifaa kinapojiunga, na simu zako zitalazimika kuliita kila zinapokwenda. La pili ni kuruhusu vifaa kwa anwani za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa. Anwani hizo husafiri wazi, kuziiga ni rahisi, na simu za kisasa hutumia anwani za kubuni, hivyo utakayemfungia nje zaidi ni wewe mwenyewe.

Hatua ya 7: Kifaa kinachokataa

Hifadhi mipangilio, washa ruta upya, unganisha kompyuta kwa Wi-Fi na urudie ile amri ya netsh. Cipher sasa isomeke CCMP. Kisha zunguka: simu, runinga, printa, kamera. Kwenye kila kimoja usisahau kufuta mtandao wa zamani kwenye kumbukumbu. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba ufunguo wa WEP unaweza kuchomolewa kutoka kwenye kompyuta peke yake, ikiwa mbali kabisa na ruta, kwa sababu tu bado ilikuwa inautafuta mtandao huo.

Karibu kila nyumba ina kifaa kimoja kitakachogoma. Kifaa cha michezo cha Nintendo DS cha kwanza, kwa mfano, hakijui chochote zaidi ya WEP. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kurudisha mipangilio ya zamani, na hapo ndipo ninapokuomba uwe mgumu: usiushushe mtandao mzima kwa ajili ya kifaa kimoja. Jaribu kusasisha programu ya kifaa hicho. Kama kina tundu la mtandao, tumia kebo. Printa unaweza kuiunganisha na kompyuta kwa USB na kuigawa kutoka hapo. Kompyuta ya zamani inaweza kupewa kipokezi kipya cha Wi-Fi cha USB. Kama yote yameshindikana, kifaa hicho kikae bila intaneti.

Kama ruta haina WPA2 kabisa

Basi sehemu yake ya Wi-Fi imekwisha kazi, lakini siyo lazima ruta nzima. Zima Wi-Fi yake, iache ipokee intaneti, kisha unganisha ruta mpya kwa kebo na uiweke kwenye hali ya Access Point (kituo cha kurusha Wi-Fi tu) ili zisigombanie kugawa anwani. Kwa modeli kadhaa kuna pia OpenWrt, programu huria inayoweza kuipa ruta iliyoachwa na mtengenezaji maisha mengine. Tafuta modeli yako kwenye jedwali lao la vifaa kabla ya kufurahi: zile zenye flashi ya MB 4 na RAM ya MB 32 hazipati tena matoleo mapya, na ukikosea faili unaweza kubaki na boksi la plastiki.

Ukinunua nyingine, hakikisha ina WPA3 na inajisasisha yenyewe, kisha tafuta muda ambao mtengenezaji ameahidi kutoa masasisho. Uingereza imelazimisha watengenezaji kuutangaza muda huo tangu Aprili 2024, hivyo kwa modeli zinazouzwa huko unaweza kuupata. Asiyetaja muda wowote, mimi ningempita.

Mpaka siku ya kubadilisha, itumie Wi-Fi hiyo ya zamani kama ungetumia ya hadharani. Mambo ya benki yafanye kwa data ya simu, na usishiriki mafaili kati ya kompyuta bila nenosiri.

Ruta ya zamani ikitoka mikononi mwako, iwe unaigawa au unaitupa, irudishe kwanza kwenye hali ya kiwandani. Ndani yake mna akaunti yako ya intaneti na kila nenosiri uliloliweka. Ikiwa imewashwa, bonyeza reset kwa pini na ushikilie sekunde 10 au zaidi, mpaka taa zote zizime na kuwaka upya. Kisha ingia tena kwa kebo, kwa nenosiri la kwenye kibandiko, uangalie kama sehemu ya akaunti iko tupu. Baadhi ya ruta huhitaji kushikiliwa kwa muda mrefu zaidi, na kama hukukagua hutajua.